Nguma wa Kombe, Fundi Aliyeficha Nyaya Ndani ya Mti

Nguma wa Kombe, huyu tuliyekuja kumsindikiza leo Jumamosi, tarehe 13 Juni 1998, hapa nyumbani kwake Mikindani, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1943 huko Ribe. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Kombe na Mama Kafedha. Aliyemtangulia ni dada yake Jael, na aliyemfuata, baada ya mama yao kungoja miaka mingi hadi akakata tamaa, ni mdogo wake Fondo. Dada Jael husimulia kwamba Nguma akitumwa kuni alikuwa harudi mapema, na akirudi alikuwa na mzigo nusu. Akiulizwa, alitoa kigogo kimoja pembeni na kusema, "Mti huu si wa kuchoma, mama. Tazama ulivyonyooka." Chini ya kitanda chake kulijaa magogo yasiyo ya kuchoma, na mama alipika kwa makumbi ya nazi.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Ribe kuanzia mwaka 1951. Alipenda hesabu na kuimba, akachukia ufundi wa bustani. Mwaka 1958 Mzee Kombe alifariki, na Fondo wakati huo alikuwa bado akibebwa mgongoni. Nguma aliacha shule. Hakuna aliyemwambia aache. Aliyakunja mavazi ya shule, akampa dada yake ayatoe kwa mwenye haja, na mwaka uliofuata akashuka Mombasa kwa mjomba wake aliyekuwa akiishi Changamwe.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia maranda katika karakana ya samani kule Shimanzi. Kutoka ufagio alipandishwa kupika gundi, kutoka gundi akapewa msasa, na baada ya msasa akaaminiwa randa. Kufikia mwaka 1966 alikuwa fundi kamili. Mwaka 1973 alifungua karakana yake mwenyewe Magongo, kibanda cha mabati kando ya barabara. Wengi mliopo hapa mmelala juu ya vitanda vilivyotoka kibandani mle, na milango yenu mingi inafungika vizuri kwa sababu ya mikono yake.

Tarehe 19 Desemba 1970 alifunga ndoa na Margaret, binti wa Rabai, mwalimu wa chekechea. Walijuana kwa sababu ya benchi la watoto lililovunjika mguu. Nguma alilitengeneza, kisha akarudi wiki iliyofuata kuuliza benchi linaendeleaje. Akarudi tena. Mwishowe Mwalimu Margaret akamwambia, "Fundi, benchi ni zima. Wewe sema unachotaka." Mungu aliwajalia watoto watatu: Mbeyu, Kombe na Kafedha.

Mwaka 1976 mdogo wake Fondo alimaliza kidato cha nne. Ni Nguma aliyemsomesha tangu darasa la kwanza, akavaa shati moja la kazi mpaka kola ikaisha ili mdogo wake avae sare. Fondo alitafuta kazi ya ofisini asipate, naye Nguma akamchukua karakanani na kumfunza. Fondo hakuwa mvivu, wala wasifu huu hautamsingizia. Aliijua randa, aliijua patasi, na zaidi ya hayo alikuwa na ulimi. Wateja wakubwa walipokuja na Kiingereza chao, Nguma alisogea kando na kusema, "Zungumzeni na mdogo wangu." Aliyasema hayo kwa fahari. Mtu akimuuliza kwa nini haendi yeye mwenyewe kuonana na mabosi, alijibu, "Mimi na Fondo ni mtu mmoja. Mimi ni mikono, yeye ni mdomo."

Sasa tunafika kwenye mambo ya mwaka 1989. Marehemu mwenyewe, alipokuwa kitandani, alimwambia bintiye Mbeyu yasomwe kama yalivyokuwa, bila tusi na bila kupakwa mafuta. Ndivyo tunavyofanya.

Mwanzoni mwa mwaka ule Nguma aliitwa katika kampuni moja ya uwakala wa forodha, Changamwe, kupiga randa mlango uliovimba kwa mvua. Ofisi ile ilikuwa imeletewa kompyuta kwa mara ya kwanza. Zilikuwa zimewekwa juu ya meza za kawaida, na nyaya zimetapakaa sakafuni kama matumbo ya mbuzi. Nguma akiwa bado na mlango, karani mmoja aliinuka na mguu ukanasa. Mtambo uliteleza hadi ukingoni mwa meza. Bwana Faki, tarishi wa ofisi, aliudaka kwa tumbo.

"Mzee Nguma," Faki alisema akihema, "hivi vyombo vyataka nyumba yao. Hapa havikai, vimepanga tu."

Nguma alicheka, lakini neno lile halikumtoka. Kwa wiki kadhaa alichora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, akafuta, akachora tena. Hakutaka kuzifunga nyaya kamba na kuzisukuma nyuma ya meza. Alitaka zisionekane kabisa, lakini fundi wa mitambo akizihitaji azipate mara moja bila kupindua kitu. Mwishowe aliipata njia. Aliuunda mguu mmoja wa nyuma kwa mbao nne zilizoungwa zikaacha uwazi katikati, ukawa kama bomba la mraba, ingawa kwa macho ulikuwa mguu wa mvule kama mingine mitatu. Ubao wa nyuma aliufanya wa tabaka mbili, na kati yake kukapita mfereji. Juu, pale meza inapokutana na ukuta, aliweka kifuniko chembamba kinachoteleza, na mistari ya mti ikaendelea juu yake bila kukatika, usijue pana kifuniko mpaka uoneshwe. Chini ya ubao wa juu alichonga matundu ya kupitisha hewa, ili ndani kusipate joto. Misumari hakutumia hata mmoja. Kila kiungo kilikuwa ulimi na tundu lake.

Siku ya kuijaribu hakuwa na kompyuta, basi alichukua redio ya mkewe. Aliupitisha waya wake ndani ya mguu wa meza, akaiweka redio juu, akaiwasha, akajificha nyuma ya mlango. Mama Mbeyu alipoleta chakula cha mchana aliikuta redio yake ikiimba kwaya katikati ya meza tupu.

"Jina la Yesu!" alipiga kelele. "Baba Mbeyu! Yaimba bila waya!"

Nguma alicheka mpaka akakaa juu ya maranda. Fondo naye alicheka, kisha akaizunguka meza ile kimya, akapitisha kiganja juu ya kifuniko akitafuta kiungo asikipate. "Kaka," akasema, "hii sijaiona popote."

"Umeiona Magongo," Nguma akajibu.

Mwezi wa Julai mama yao, Mama Kafedha, alianguka kule Ribe akavunjika nyonga. Nguma alifunga safari kwenda kumuuguza. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Fondo funguo za karakana na ile meza ikiwa imeshapakwa vanishi. "Ipeleke kwa meneja wa ile kampuni ya forodha," alimwambia. "Mwambie imetoka karakana ya wana wa Kombe. Lolote litakalotokea, ni letu sote wawili." Akakaa Ribe mpaka Oktoba, akimgeuza mama kitandani, akimlisha, na wakati mama amelala akimtengenezea kiti cha kutembelea. Mama alipopata nafuu alimleta hapa Mikindani, na hapa ndipo alipoishi hadi mwisho wake.

Aliporudi Magongo aliikuta karakana nusu tupu. Violezo vya ile meza, alivyovikata kwa karatasi ngumu na kuvitundika ukutani, havikuwapo. Jiliwa kubwa la kubania mbao halikuwapo. Fondo alikuja jioni ile akiwa mchangamfu. Meneja ameipenda meza, alisema, ameagiza za ofisi nzima, na maofisi mengine ya mjini yanauliza. Kibanda cha Magongo kimekuwa kidogo, kwa hiyo amekodi pahali pakubwa Changamwe. "Nilitaka kukushtukiza, kaka. Ungoje kidogo nipange mambo."

Nguma alingoja. Aliwaambia majirani kwamba mdogo wake amewafikisha mbali. Kanisani alitoa shukrani.

Ijumaa ya tarehe 17 Novemba kampuni ile ilifungua ofisi yake mpya. Faki alipita Magongo asubuhi kumwambia aje, kwa maana alidhani kila mtu anajua meza ni za nani. Nguma alipiga pasi suti ya arusi yake. Mama Mbeyu alivaa gauni la kwaya. Walifika hotuba zimeanza, wakasimama mlangoni kwa adabu. Meza zilikuwa zimepangwa ukumbi mzima, za mvule, zinang'aa, wala usione waya. Nguma alimshika mkewe kiwiko na kumnong'oneza, "Tazama ile ya dirishani. Ile ndiyo ya redio."

Meneja alimsimamisha Fondo mbele ya wageni. Alimsifu, kisha akamuuliza kwa Kiswahili ili wafanyakazi wote wasikie, "Bwana Fondo, ufundi huu umefunzwa na nani?"

Fondo aliinua macho. Akamwona kaka yake mlangoni. Walitazamana.

"Nimejifunza mwenyewe," alisema. "Na meza hii nimeiwaza mwenyewe. Kuna mzee mmoja kule Magongo hunisaidia kupiga randa."

Watu wakapiga makofi. Mama Mbeyu alitaka kwenda mbele, lakini Nguma alimzuia kwa mkono, wakatoka. Faki aliwakimbilia hadi nje ya lango.

"Mzee Nguma, wallahi mimi n'najua! N'likuwapo siku ile ya mlango, n'likuona ukizipima meza kwa macho. Niache nirudi niwaambie hivi sasa."

"Mwache amalize soda yake," Nguma alisema.

Nyumbani alivua suti, akaitundika, akakaa. Mama Mbeyu alidhani analilia sifa, au analilia kazi. Alimwambia, "Baba Mbeyu, utabuni nyingine. Kichwa si unacho?" Nguma akatikisa kichwa. "Si meza," alisema. "Aliniona, mama Mbeyu. Kama hangeniona ningesema ni ulimi umeteleza. Aliniona, ndipo akasema."

Wazee waliitwa. Kikao kilifanyika hapa hapa, mbele ya Mama Kafedha akiwa kwenye kiti chake. Fondo alikuja na hoja zake. Alisema ni yeye aliyeongea na meneja. Alisema bila yeye meza ile ingekaa Magongo ikila vumbi. "Mti ni mti," alisema. "Hauna jina la mtu."

Mzee mmoja alimuuliza, "Na huyu aliyesimama mlangoni, naye hana jina?"

Kabla wazee hawajatoa neno lao, Mama Kafedha aliinua mkono. Alimtazama Nguma, si Fondo. "Mwanangu," akasema, "nimekuzaa wewe na huyu. Umri uliobaki haunitoshi kuona mkiburutana mbele za watu. Nyamaza. Kwa ajili yangu, nyamaza."

Waliokuwapo wanasema uso wa Nguma ulibadilika wakati ule kuliko hata siku ile ya ofisini. Aliyekosa alikuwa mwingine, lakini aliyeambiwa anyamaze ni yeye. Akasema, "Ndiyo, mama," na kikao kikavunjika. Alilishika neno lile. Hakumshitaki Fondo kokote, hakumsema kilabuni wala kanisani. Alimwosha mama yake miguu kila jioni kama kawaida. Ila tangu siku ile hakuimba tena kwaya, na mtu akimwambia habari za ndugu yake, alijibu, "Nasikia anaendelea vizuri," akarudi kwenye randa.

Fondo aliendelea vizuri kweli. Meza zile zilienea, zikapata jina. Watu waliziita meza za Fondo kama vile embe zinavyoitwa dodo. Mwaka 1992 mteja mmoja, mhasibu wa Kisauni, aliingia karakana ya Magongo akiwa na picha iliyokatwa gazetini.

"Fundi, unaweza kunitengenezea kama hii? Ni ya Fondo. Yeye ana foleni ndefu."

Kijana wa jirani aliyekuwa akinoa msumeno pale karibu alishtuka, akamtazama Nguma kuona atafanya nini. Nguma aliichukua ile picha, akaitazama. "Naweza," alisema. Aliijenga kwa uangalifu ule ule, mguu wa uwazi, mfereji, kifuniko kisichoonekana. Mhasibu alipokuja kuichukua aliizunguka, akaufungua mfereji, akaridhika.

"Si haba," akamwambia. "Umeiga vizuri sana."

"Ahsante, bwana," Nguma akajibu.

Alimsaidia kuipakia, akaikaza kamba ili isikwaruzwe. Kisha aliingia ndani, akaweka brashi ya vanishi juu ya kopo bila kuiosha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote, akaenda nyumbani. Karakana haikufunguliwa wiki nzima. Alipoifungua tena alirudi kwenye milango, vitanda na madawati ya kanisa. Meza ya aina ile hakuigusa tena.

Mama Kafedha alilala mauti tarehe 3 Aprili 1993. Jeneza lake alilitengeneza Nguma. Yeye na Fondo walilibeba, mmoja mbele kulia, mwingine mbele kushoto, mabega yakigusana, na hawakusemezana. Watu walitazamia kwamba sasa, mama akiwa ameondoka na kifungo cha kunyamaza kimefunguka, Nguma atasema. Hakusema. Mbeyu alipomuuliza sababu, alimwambia, "Nilimnyamazia mama mpaka kinywa kikasahau njia."

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1996. Madaktari walisema ni vumbi la mbao la miaka mingi. Alilazwa mara kadhaa, akatoka, akarudi kazini akiwa amefunga leso puani, mpaka Krismasi iliyopita aliposhindwa kunyanyua randa. Tangu hapo aliuguzwa nyumbani na mkewe. Tunawashukuru majirani wa Mikindani, wanakwaya, na Bwana Faki, aliyekuja kila Ijumaa baada ya swala akiwa na kahawa kwenye birika, akakaa naye wasizungumze mengi.

Mwezi uliopita Fondo alikuja. Alileta matunda na blanketi jipya. Mama Mbeyu alimpisha, lakini Nguma alimwambia mkewe na bintiye wasitoke. Fondo alikaa ukingoni mwa kitanda, akalia. Machozi yake yalikuwa ya kweli, nasi tuliyaona.

"Kaka, nilikukosea. Nimekuja tuyamalize."

Nguma alingoja kikohozi kipite. "Karibu," akasema. "Mpeni maji." Fondo aliyanywa. Kisha Nguma akamuuliza, "Siku ile, watu walikuwa wengi?"

"Walikuwa wengi, kaka."

"Ulinikana mbele za watu, ukaja kuniungama chumbani. Mimi nimeyapokea machozi yako. Nenda basi ukaseme pale uliposemea. Meneja yupo. Faki yupo. Wale makarani wapo. Waambie ilikuwa ya nani, kisha urudi, utanikuta."

Fondo aliinamisha kichwa. Alisema biashara, alisema majina ya wateja, alisema mambo ni magumu kuliko yanavyoonekana. Nguma alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakumkaripia. Alimshukuru kwa blanketi. Siku zilizofuata, kila mlango ulipobishwa, aliuliza ni nani. Alikuwa jirani, au alikuwa mchungaji, au alikuwa Faki. Aliendelea kuuliza mpaka wiki yake ya mwisho, kisha akaacha.

Nguma wa Kombe alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Juni 1998, hapa nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa akikaribia kutimiza miaka hamsini na mitano.

Watoto wake walipoketi kuandaa maneno haya, walitaka jina moja liachwe katika orodha ya wafiwa. Mama yao alikataa. Alisema marehemu aliliagiza hilo waziwazi: "Mwandikeni. Ndugu hafutwi. Yeye ndiye aliyefuta, mimi sitafuta." Kwa hiyo tunawaandika wote.

Marehemu amemwacha mkewe, Mwalimu Margaret. Watoto wake, Mbeyu, Kombe na Kafedha. Mkwewe Ruwa, na mjukuu mmoja anayeitwa Nguma. Dada yake, Jael. Na ndugu yake wa tumbo moja, Fondo wa Kombe, ambaye marehemu alimlea, alimsomesha, na alimfunza useremala.

Mungu aliyeona kila kilichofichwa ampokee fundi wake, na udongo wa Mikindani umkae mwepesi.